Naomba ushauri: kasi sahihi ya kuonyesha filamu bubu za Buster Keaton

Wakuu, heshima zenu. Naandaa onyesho la kazi za Keaton, mchekeshaji wa Marekani, kuanzia 1920, alipoanza kuongoza filamu zake mwenyewe, hadi 1928 alipoingia studio ya MGM na uhuru wake ukaanza kubanwa. Kinachonisumbua ni kasi.

Kamera za enzi hizo zilizungushwa kwa mkono, hivyo hakuna namba moja. Mkanda wa filamu wa futi 1,000 wenye upana wa milimita 35 una picha 16,000: kwa picha 24 kwa sekunde unaisha dakika 11 na sekunde 7, kwa 18, dakika 14 na sekunde 49. Tofauti hiyo si ndogo! Ikikimbia mno, watu wanatembea kama kuku. Ikipoa mno, kichekesho kinakufa.

Kutoka 18 kwenda 24 narudia kila picha ya tatu, lakini treni katika filamu yake The General inaonekana kudundadunda. Na ule ukuta unaomwangukia Keaton katika Steamboat Bill, Jr., akabaki amesimama palipo na dirisha, unataka uzito wake.

Je, nitafute projekta inayokubali 18 moja kwa moja? Na mpiga kinanda atakayesindikiza filamu afuate saa au afuate picha?