Ndege inawaka, rubani anasema kaeni: ungekaa?

Mzee wa Kipawa: Wadau, Juni 2016 Boeing 777 ya Singapore Airlines ilikatisha safari ikarudi uwanja wa Changi, Singapore. Ilipogusa ardhi tu, bawa la kulia likalipuka moto. Watu 241 ndani, wakaambiwa watulie. Unaona ndimi za moto dirishani na mkanda umefunga! Zimamoto wakauzima, watu wakashuka kwa ngazi, hakuna aliyeumia. Swali: rubani alikuwa sahihi au alibahatisha?

Kibuyu Kikavu: Bahati ya mtende. Ile ya Saudia iliyoanguka Riyadh 1980 walikaa hivyo hivyo, wakafa wote 301.

Fundi Bisibisi: Haikuanguka, mkuu. Ilitua salama, ikaendelea kutembea, na hata iliposimama injini ziliunguruma dakika kadhaa. Injini ikizunguka utamshusha nani? Chicago, Oktoba 2016, abiria wa American Airlines walishuka injini ya upande wa pili haijazimwa, mmoja akaangushwa na upepo wake, akaumia vibaya.

Kibuyu Kikavu: Haya, "ilitua salama". Kawaambie wafiwa.

Fundi Bisibisi: Sijasema hivyo, acha kunilisha maneno. Shida kubwa ni abiria wenyewe. Dubai 2016, Emirates imelala tumbo inafuka moshi, watu wanashusha mabegi. Sisi huku tungetoka na mablanketi ya Uarabuni kichwani.

Salha wa Ng'ambo: Kaka Fundi, hayo mablanketi unayoyacheka ndiyo yaliyosomesha wadogo zangu. Nimefanya kazi za ndani Muscat miaka minne. Mkobani mna pasipoti, bataka (kitambulisho cha kule) na bangili mbili za mama. Niviache kisha nikamweleze nani mimi ni nani?

Fundi Bisibisi: Nimetania tu, dada.

Salha wa Ng'ambo: Mtanie mkeo.

Kibuyu Kikavu: 😂 Pasipoti si unavaa shingoni?

Salha wa Ng'ambo: Na bangili nizimeze?

Mzee wa Kipawa: Jamani, nimeuliza habari ya rubani, tumefika kwa sonara.

Abiria wa Dirishani: Mzee, rubani mwenyewe mara nyingine haoni kitu. Uwanja wa Haneda, Tokyo, 2 Januari 2024, ndege ya Japan Airlines inawaka, vipaza sauti vya ndani vilikufa. Wahudumu walichungulia wenyewe upande usio na moto, wakatumia milango 3 kati ya 8, wakaita watu kwa megafoni na kwa koo zao. Wa mwisho alitoka dakika kama 18 baada ya kutua. Wote 379 wakapona, na mabegi yakaungua ndani. Wangengoja amri ya mbele tu, wa nyuma wangeiva.

Salha wa Ng'ambo: Hiyo ilitoka Sapporo kwenda Tokyo, safari ya ndani. Mjapani kashuka kwao, nani atamwuliza pasipoti?

Abiria wa Dirishani: Katika yote niliyoandika, umeliona hilo?

Salha wa Ng'ambo: Ndilo linalonihusu.

Mzee wa Kipawa: Kwa hiyo mhudumu aruhusiwe kufungua bila rubani? Na akifungua injini inazunguka, kama Chicago?

Kibuyu Kikavu: Dada Salha, huo mkoba unauweka juu au chini ya kiti?

Salha wa Ng'ambo: Chini. Kamba naizungusha mguuni nisiibiwe nikilala.

Fundi Bisibisi: Naomba namba ya kiti chako, nisije nikapangwa nyuma yako.