Naomba ushauri: natafuta kijiji cha ukoo wa mume wangu Ujerumani

Shikamooni wakubwa, na wengine habari zenu. Naishi Milwaukee, jimbo la Wisconsin, Marekani, nawatafutia wanangu asili ya baba yao. Babu wa babu yao alikuwa Müller, huku akaandikwa Miller. Sensa ya 1900 inasema alihamia Marekani 1882, kuzaliwa ni "Ujerumani" basi. Orodha za abiria wa meli wa bandari ya Hamburg nimezipekua, simwoni. Za bandari ya Bremen nyingi ziliteketezwa. Tunayo Biblia yake: ukurasa wa kwanza umelowa maji, wino umesambaa, nasoma "Meckl" tu. Nadhani ni Mecklenburg, eneo la kaskazini mwa Ujerumani, ila vijiji vyake ni vingi mno.

Je, vitabu vya ubatizo na ndoa vya makanisa ya Kilutheri ya Wisconsin huwa vinataja kijiji cha mtu? Na kuna anayeweza kusoma mwandiko wa Kijerumani cha zamani?