Wakuu, kwa maisha ya Dar inawezekana kula na kunywa bila kununua plastiki?

Wa_Tabata_Mwisho
Wakuu habari za jioni, naomba mawazo yenu. Mimi na mama watoto tumekubaliana tujaribu kuacha kununua chakula na kinywaji kilichofungwa kwenye plastiki, maana ukiichungulia ndoo yetu ya taka maganda ni kidogo tu, kilichojaa ni chupa za maji, vikopo vya mtindi, paketi za mkate na vile vifungashio vyeupe ambavyo Mangi anatilia kila kitu hadi nyanya tatu. Rambo zilipigwa marufuku tangu Juni 2019 ila naona zimerudi kwa jina la kifungashio. Mvua ikinyesha mtaro wa nyuma ya nyumba unaziba, ukizibua unakuta chupa tupu.

Mboga na matunda hazitusumbui, tunabeba kikapu. Tumekwama kwenye maji, nyama, maziwa, mafuta ya kula na chips za watoto jioni. Buchani nikitoa bakuli jamaa ananitazama kama nimekuja kukopa. Kuna anayeishi hivi kweli humu? Na tafadhali msinielekeze kwenye maduka ya Masaki ya dengu kwa bei ya nyama.

Mama Nitilie Mstaafu
Mdogo wangu inawezekana, wenzio tulikula hivyo kabla hizo nailoni hazijajaa mjini. Buchani kosa ni kumpa bakuli aliweke kwenye mzani, hapo lazima mgombane maana uzito wa bakuli nani ataulipa. Mwambie apime nyama kwenye mzani wake kama kawaida kisha aimimine kwako, bakuli liwe na mfuniko unaobana, na uende bucha moja kila siku akuzoee. Akishakuzoea ataliulizia bakuli mwenyewe. Samaki ni hivyohivyo, Feri watu wanakwenda na ndoo miaka yote na hakuna anayewashangaa.

Mafuta tafuta duka wanalopima kutoka kwenye dumu au pipa, nenda na chupa ya kioo iliyokauka kabisa maana tone la maji linaharibu mafuta. Yanuse kwanza, yakitoa harufu ya uchakavu usichukue hata kama anakubembeleza.

Chips nunua na hotpoti yako. Ile nailoni kutiwa chips zinazotoka kwenye karai zinachemka mimi hata kama kusingekuwa na mtaro wa kuziba nisingemlisha mtoto.

Kausha Damu
Daah mkuu umeshiba wewe. Watu wanawaza watakula nini kesho wewe unawaza kimefungwa na nini 😂 Na hiyo ndoo ya Feri ya chuma? Si plastiki hiyohiyo?

Wa_Tabata_Mwisho
@Kausha Damu ndoo ni plastiki ndiyo, ila ninayo tangu sijaoa na bado nafulia. Ninachokwepa ni kile unachonunua saa mbili na saa mbili na nusu kiko mtaroni. Na kuhusu kushiba, anayenunua maji ya chupa kila siku ndiyo ana hela kuliko mimi ninayetaka kuacha.

Bi Ukili
Assalaam alaykum. Huku Unguja mifuko ilipigwa marufuku zamani kabla ya huko bara, na hii tabu ya vifungashio tunayo pia. La kuzingatia, ile mifuko laini mnayouziwa kama mbadala, inayofanana na kitambaa, ile nayo ni plastiki, wameibana tu ikaonekana nguo. Ikichakaa inachanika vipandevipande. Kiroba cha unga vilevile, zile nyuzi zilizofumwa ni plastiki. Kikapu cha ukili kikichoka unakitupa shamba kinaoza.

Mchele, maharage na sukari shona vifuko vya kanga kuukuu, kimoja kwa kila kitu, usichanganye. Unga kanga haiuzuii, unapenya ukakuchafua nguo zote, huo tumia amerikani mara mbili au nenda mashineni na debe lako. Bizari nunua nzima usage mwenyewe, harufu yake si mfano wa ya paketi.

Kevo wa Umoja
Huku Nairobi kwa maziwa tuna zile ATM, unaenda na chupa yako, unalipa, mashine inakupimia kiasi unataka, hata kidogo ya chai. Hiyo imenisaidia sana kuachana na pakiti. Mama mboga naye ukimbebea container anakukatia sukuma anaweka humo bila maswali. Na mbugani tangu Juni 2020 huruhusiwi kuingia na maji ya chupa za plastiki, so watu wengi walinunua flask za chuma juu ya hiyo tu, wakazizoea.

Mama Nitilie Mstaafu
ATM ya maziwa mimi sijaiona mtaani kwetu, ila wauza maziwa wa baiskeli wapo, chukua kwa sufuria na uyachemshe yafoke vizuri, usiwape watoto mabichi. Mtindi unagandisha mwenyewe, acha kidogo wa jana uwe mbegu.

Fundi Bomba
Kwenye maji hapo ndiyo penye hesabu. Chemsha jioni ukiwa tayari una moto wa kupikia, yakitokota kisawasawa dakika moja yanatosha, yaache yapoe na mfuniko, chuja kwa kitambaa safi utie kwenye mtungi wa udongo. Mtungi unatoa jasho, lile jasho likikauka ndiyo maji yanapoa. Ila nisikudanganye, Dar hewa ina unyevu mwingi kwahiyo hautapoa kama wa Dodoma, uweke dirishani penye upepo. Kazini beba chupa ya chuma.

Soda kunywa ya chupa ya kioo, achana na take away. Nunua kreti na chupa zake uweke ndani, zikiisha unabadilisha, chupa ileile inarudi kiwandani inaoshwa. Au dafu, tena mwambie muuzaji akukatie kijiko cha ganda lake, mrija wa nini.

Kausha Damu
Dafu nakubali. Na chumvi je? Mkate? Hapo ndiyo mtakwama.

Wa_Tabata_Mwisho
Asanteni sana wakuu, kesho naanza na bucha na mafuta. Swali la Kausha Damu hata mimi ninalo.

Mama Nitilie Mstaafu
Chumvi nunua paketi, mbona inakaa muda mrefu, usijitese. Mkate nenda bekari asubuhi wakati wanaitoa kwenye tanuri, haijafungwa bado, chukua na foronya safi. Ukienda saa nne utaikuta yote imeshavalishwa nailoni.

Wa_Tabata_Mwisho
Foronya! Mama watoto kacheka ila kaenda kuitafuta kabatini.