Tupeane uzoefu: Mbinu gani ya mapishi ya mataifa mengine imedumu jikoni kwako?

Mleta mada

Wakuu, habari zenu. Kwangu chakula kilifika mahali pa kujirudia. Mboga ile ile, kwa mapishi yale yale, watu wanakula kwa sababu ya njaa tu. Nikaanza kufuatilia wenzetu wa mataifa mengine wanavyopika vitu vya kawaida kabisa: nafaka, mikunde, majani. Nilichoona ni kwamba ukitaka kuhamisha mlo mzima wa nchi nyingine utachoka mapema, maana viungo ni vingi na nusu yake hutavigusa tena. Ukiazima mbinu moja, inakaa.

Yangu ni ya Wahindi, wanaiita tadka. Adesi nyekundu nachemsha kwa maji na manjano tu. Hazihitaji kulowekwa, na kwa dakika 20 hivi zimeshavurugika. Pembeni napasha mafuta vijiko viwili, natia binzari nyembamba nzima, zikichachatika na kunukia natupia kitunguu saumu, kisha namwaga vyote juu ya adesi na kufunika. Ladha nyingi za viungo huyeyuka kwenye mafuta kuliko kwenye maji, ndiyo maana mafuta kidogo namna hiyo yanatosha kubeba sufuria nzima. Siku hizi namwagia hivyo hivyo juu ya kabichi, boga, maharage, hata viazi vya kuchemsha.

Na nyie je? Naomba mapishi ya siku ya kazi, yale ya sikukuu tuyaache kwanza.

Mama wa Mapacha

Asante mleta mada. Mimi nimeazima kwa watu wa Lebanoni na majirani zao: ndimu mwishoni. Kabla sijaongeza chumvi nakamua ndimu, naonja, na mara nyingi chumvi haihitajiki tena. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asifikishe gramu 5 za chumvi kwa siku, kiasi cha kijiko kimoja cha chai, na hapo imo pia ile iliyojificha kwenye mkate na vyakula vya pakiti. Faida nyingine ya ndimu ni vitamini C, inayousaidia mwili kufyonza madini ya chuma yaliyo kwenye mikunde na majani. Chai ya rangi iliyonywewa pamoja na chakula inafanya kinyume chake, kwa hiyo kwetu chai ina saa yake.

Pia natengeneza mchuzi wa ufuta uliosagwa laini, ndimu, kitunguu saumu na maji. Msishtuke ukiganda mara tu unapotia maji, endeleeni kuongeza kidogo kidogo huku mnakoroga, utalainika na kuwa mweupe. Unafaa juu ya biringanya za kuchoma, dengu, karoti, samaki.

Kwa wenye watoto: chakula kipya kinakaa pembeni mwa kile wanachokijua, kidogo sana, bila kulazimisha wala kusifia kupita kiasi. Mtoto anaweza kuhitaji kukutana nacho zaidi ya mara kumi ndipo akikubali. Wangu walikuwa wanasukuma dengu pembeni ya sahani kwa muda mrefu, leo wanaziomba wenyewe.

Mlaji Mboga

Kwangu mwalimu ni Ethiopia. Waumini wa Kanisa la Orthodox kule wana siku nyingi sana za mfungo kwa mwaka, na siku hizo hawali nyama, maziwa wala mayai. Kwa hiyo wapishi wao wamekuza mapishi ya mikunde na mboga ambayo huwezi kusema yamepungukiwa na kitu. Siri kubwa niliyochukua ni kitunguu: kinakatwa kidogo kidogo, kingi, kinapikwa kwenye sufuria kavu kwa moto mdogo hadi kilainike na kukaribia kuwa rojo, ndipo mafuta na viungo vinafuata. Mchuzi unapata uzito bila kuongeza kitu. Kinataka subira na kukoroga, hapo siwadanganyi.

Baba Mpishi

Mimi ni mtu wa kikaango cha Kichina. Kata kila kitu kabla hujawasha jiko, moto uwe mkali, vigumu vitangulie, majani yaingie mwisho, na ndani ya dakika chache umemaliza mboga ikiwa bado na rangi yake. Angalizo langu ni sosi ya soya. Kijiko kimoja kikubwa, yaani mililita 15, kina chumvi ya gramu 2 na zaidi, karibu nusu ya kiwango alichotaja Mama wa Mapacha. Nachanganya kijiko kimoja na maji, tangawizi na siki, kinatosha familia nzima, na chumvi nyingine sitii.

Mpishi wa Jioni

Naunga mkono hoja ya chumvi. Wajapani wana supu ya msingi iitwayo dashi, ya mwani mkavu na samaki mkavu aliyeparuzwa. Mwaka 1908 mkemia Kikunae Ikeda alichunguza mwani huo akakuta glutamati ndiyo inayoleta ule utamu wa supu usio wa sukari wala chumvi, akauita umami. Kama mwani hupati, loweka uyoga mkavu, na maji yake usimwage. Nyanya zilizoiva sana nazo zina glutamati nyingi. Tangu niyajue haya nimeacha vidonge vya mchuzi.

Jungu Kuu

Nami niongezee la Meksiko. Watu wa kule tangu kale huchemsha mahindi na chokaa kabla ya kuyasaga, na kazi hiyo hufungua niasini, vitamini ambayo kwenye mahindi imefungika. Mahindi yalipoenea Ulaya bila mbinu hiyo, maskini walioyategemea peke yake waliugua pelagra, ugonjwa unaoletwa na ukosefu wa niasini. Somo ninalolibeba ni kwamba mbinu za kale jikoni si za kurukwa ovyo.

Pia wanakula mahindi pamoja na maharage, na hapo kila kimoja kinaziba pengo la protini la mwenzake. Ila maharage mekundu yana sumu ya asili: yaloweke saa 5 au zaidi, mwaga maji, kisha yachemke kwa nguvu dakika 10 kwa uchache, 30 ni salama zaidi, ndipo upunguze moto. Wenye sufuria za umeme za kupika polepole, chemsheni kwanza kwenye jiko, maana joto lake linaweza lisitoshe.

Mgeni Jikoni

Shukrani wakuu, nimenakili yote. Swali: wali wa jana naweza kuukaanga kama Baba Mpishi?

Baba Mpishi

Unaweza, na ule wa jana ndio mzuri kwa sababu punje zimekauka, hazishikani. Sharti ni moja, ndugu yangu. Wali ukiiva, utandaze upoe haraka na uingie kwenye friji ndani ya saa moja hivi. Kuna bakteria ambao mbegu zao hustahimili kuchemshwa, na wali ukikaa nje wanazaliana na kutoa sumu. Kupasha upya hakuiondoi. Ukilala mezani, umwage. Ukilala kwenye friji, kaanga na mayai, njegere, karoti na majani ya vitunguu, mboga iwe nyingi kuliko wali.