Niliuziwa vifaranga wa sato "madume watupu", bwawa limejaa vitoto. Kipimo cha vinasaba kitanisaidia?

MfugajiMvomero
Wakuu, salaam. Nina bwawa la mita 20 kwa 15 hapa Morogoro. Januari nilipandikiza vifaranga 900 wa sato niliouziwa kama madume watupu. Juzi nimepitisha wavu nione wamefikia wapi, ukatoka na vitoto vya ukubwa wa kidole, mamia kwa mamia. Wakubwa nao hawalingani, kuna waliojaa kiganja na kuna waliodumaa. Chakula ninachonunua kwa shida kinaliwa na vitoto ambavyo sikuvipanga, na pesa hii niliitegemea kwa ada ya watoto.

Kijana mmoja aliyesomea uvuvi ameniambia siku hizi jinsia ya samaki inapimwa kwa vinasaba: unakata kipande cha pezi, unapeleka maabara. Nafikiria msimu ujao nipime vifaranga 30 kabla ya kulipa, na nusu wakionekana majike, nidai pesa yangu. Je, niko sahihi? Natanguliza shukrani.

Mama Perege
Pole sana ndugu yangu. Kabla ya maabara, tumia macho. Samaki akifika gramu 30 hivi mgeuze tumbo juu, mpake GV (ile dawa ya zambarau ya vidonda) kidogo nyuma ya mkundu, halafu futa. Dume ana matundu mawili tu: mkundu, na tundu moja la mkojo na mbegu. Jike ana matatu, na lile la mayai linaonekana kama kamstari kalikokatiza. Shika 100 bila kuchagua, hesabu, uandike.

Na usiseme umetapeliwa kabla hujahesabu. Majike wakiwa 5 tu kwa kila 100, wewe una 45 bwawani. Jike mdogo tu anabeba mayai mia na zaidi mdomoni. Hao 45 wanatosha kukujazia bwawa.

Daktari wa Mabwawa
Mkuu, usipoteze pesa kwenye kipimo hicho. Nieleze kwa nini, maana hapa wengi wanachanganya.

Madume watupu wengi wanaouzwa kwetu wametengenezwa kwa homoni. Vifaranga wakiwa wachanga, kabla mwili haujaamua uwe na korodani au mayai, wanalishwa chakula chenye methiltestosteroni, homoni ya kiume, kwa wiki tatu hadi nne. Wale waliozaliwa majike wanageuka madume. Kinachogeuka ni mwili, vinasaba vinabaki vilevile. Sato wana mfumo wa kromosomu za jinsia kama wetu, jike XX na dume XY. Kwa hiyo jike aliyegeuzwa ana korodani, anatoa mbegu, lakini ukikata pezi lake maabara itakuandikia XX.

Sasa chukua vifaranga wa mzalishaji mwaminifu kabisa, aliyefanya kazi yake bila kosa. Ukiwapima 30, karibu nusu watasoma majike. Utamdai mtu pesa bila haki, na uliyeumia ni wewe uliyemkosa muuzaji mzuri.

MfugajiMvomero
Daktari, nimeshtuka. Basi hivyo vipimo ni vya nini?

Daktari wa Mabwawa
Ni vya mzalishaji, na kwake ni hazina. Chukua samaki XY, umgeuze jike kwa homoni ya kike, umpandishe na dume wa kawaida. Kwa hesabu, robo ya watoto watakuwa YY. Dume YY akipanda jike wa kawaida, watoto wote ni XY, madume kwa kuzaliwa, na vifaranga unaowanunua hawajaonja homoni. Shida ni kumtambua YY, kwa sababu kwa macho anafanana na XY. Zamani ilibidi umpandishe kila dume, ulee watoto wake hadi wakue, kisha uhesabu jinsia zao. Miezi inakwenda. Ukiwa na alama ya vinasaba (sehemu ya DNA inayotofautisha jinsia), kipande cha pezi ndani ya spiriti na kipimo cha maabara kiitwacho PCR vinakupa jibu ndani ya siku chache, na samaki anarudi majini akiwa mzima.

Kuna tahadhari moja. Kwa samaki hakuna alama moja ya wote. Jamii ya samoni wengi wao wana jeni iitwayo sdY, iliyotambuliwa mwaka 2012. Sato ni wagumu zaidi: kwenye koo fulani jinsia inaamuliwa na jeni ya amh kwenye kromosomu ya 23, kwenye nyingine jambo liko kwenye kromosomu ya 1. Alama iliyofanya kazi kwa ukoo mmoja inaweza kukudanganya kwa mwingine, hivyo lazima ijaribiwe kwanza kwa wazazi ambao jinsia yao inajulikana. Joto nalo linaingilia. Vifaranga wachanga wakikaa kwenye maji ya nyuzi 36 hivi, baadhi ya XX wanageuka madume wenyewe.

Pwani_Samaki
Naongeza moja, maana linatuhusu. Mwaka 1960 mtafiti wa samaki Hickling, akiwa Malacca huko Malaya (Malaysia ya leo), alieleza jinsi alivyopandisha majike wa perege wa Msumbiji na madume waliotoka Zanzibar, akapata watoto madume watupu. Baadaye ilifahamika kuwa hao wa Zanzibar ni aina nyingine ya perege, hornorum, na kwao mambo ni kinyume: dume ndiye mwenye kromosomu mbili zinazofanana (ZZ), jike ana tofauti (ZW). Ndiyo maana wazazi waliochanganyika aina kwa aina wanaharibu hesabu zote, za macho na za maabara. Muulize mzalishaji wazazi wake kawatoa wapi.

Daktari wa Mabwawa
Sahihi kabisa. Na muulize pia anawakusanya vifaranga wakiwa na urefu gani. Wakishapita milimita 14 kabla ya kuanza homoni, wengi wameshaamua jinsia. Mzalishaji makini anapasua vifaranga wachache baada ya tiba, anaangalia viungo vya uzazi kwa hadubini, na ana daftari la hesabu hizo. Omba ulione.

MfugajiMvomero
Asanteni sana. Nimehesabu leo asubuhi kwa GV kama Mama alivyosema: kati ya 100, majike ni 31. Kesho nampelekea muuzaji hesabu hii, na nitaomba daftari. Majike nimeanza kuwatenga kwenye kizimba cha nyavu (wataalamu wanakiita "hapa").