Gari linatetemeka, gereji za Mbeya zinatuuzia spea kwa kubahatisha

Ndugu wanajukwaa,

Ninaufungua uzi huu nikiwa na hasira, na sitaki kuificha. Gari langu ni Toyota IST lenye injini ya 1NZ. Lilianza kutetemeka injini ikiwa sailensi, yaani inaunguruma bila kukanyagwa mafuta, hasa ninapokanyaga breki gia ikiwa kwenye D katika foleni ya Mafiati. Usukani ulitikisika, mshale wa mizunguko ukawa unapanda na kushuka, na taa ya injini ikawaka kwenye dashibodi. Nililipeleka kwenye gereji moja hapa mjini, nikaeleza hayo yote bila kuacha kitu. Fundi mkuu akafungua boneti, akaagiza kijana apige resi, akasikiliza kidogo, kisha akatamka: "Mama, hizo mauntingi zimekufa. Toa hela tukanunue."

Hakuna aliyechomeka mashine ya kupimia. Ninalirudia hili kwa sababu ndilo linaloniuma: taa ilikuwa inawaka mbele ya macho yao, na mauntingi ni raba tu za kushikilia injini, hazina waya wala sensa ya kuiwasha taa hiyo. Raba ikipasuka, injini yenyewe huendelea kuunguruma sawasawa na mshale hutulia, ila mtikisiko hupita hadi kwenye bodi. Kuikagua hakuhitaji hela ya mteja: unashikilia breki barabara, unaingiza D, kisha R, huku mwenzako akiwa amesimama pembeni anatazama kama injini inaruka kupita kiasi. Hilo nalo halikufanyika. Mauntingi zangu za awali zilifunguliwa, zikafungwa mpya za bei rahisi zenye raba ngumu, na mtetemo ukaongezeka.

Baada ya hapo zikabadilishwa plagi. Kisha ikasafishwa throto inayopitisha hewa kwenda kwenye injini, kisha nozeli zinazopulizia petroli, na kila hatua ilikuwa na bei yake, na kila nilipouliza ni kipimo gani kilichoonyesha kwamba hapo ndipo penye tatizo, nilijibiwa kwamba wao wana uzoefu wa miaka mingi na hizi gari.

Mwishowe walipima kompresheni, yaani mgandamizo wa hewa ndani ya silinda. Fundi akaitazama geji, akatikisa kichwa, akasema: "Injini imechoka hii, mama. Tafuta nyingine." Nilimwomba anisomee namba za silinda zote nne. Zilikuwa karibu sawa! Jiji letu liko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, hewa ya huku ni nyepesi kuliko ya Dar es Salaam, kwa hiyo geji lazima isome chini kidogo hata kwa injini nzima. Kinachotakiwa kutazamwa kwanza ni tofauti kati ya silinda na silinda, kwa sababu silinda moja ikiachwa mbali na wenzake ndipo unapoanza kushuku valvu, ringi au gasketi ya silinda hedi. Fundi alishika mkononi ushahidi kwamba injini yangu haina kasoro hiyo, akautumia kunishawishi ninunue injini nyingine.

Nililipeleka gari kwa kijana mmoja Uyole. Alichomeka mashine, ikaleta kodi, yaani namba ya hitilafu, P0302, maana yake silinda ya pili inamisi, haiunguzi petroli ipasavyo. Hakukimbilia dukani. Alihamisha koili, kifaa kinachoipa plagi umeme, ya silinda ya pili akaiweka kwenye ya tatu, akafuta kodi, akawasha gari na kuliacha lingurume. Taa iliporudi, mashine ilisoma P0303, yaani sasa inamisi silinda ya tatu. Tatizo lilikuwa limeifuata koili. Akanieleza kwamba kama kodi ingebaki palepale, angehamisha plagi, halafu angeigeukia nozeli, na kwamba kodi ingekuwa P0300 (kumisi ovyo ovyo) pamoja na P0171 (hewa nyingi kuliko petroli) angetafuta kwanza mpira wa hewa uliopasuka. Ilinunuliwa koili moja, mshale ukatulia.

Sasa niwaulize wenye gereji: ni kipi hapo kinachowashinda? Mashine hizo mnazo, nimeziona mezani kwenu. Kumwacha mteja aendelee kuendesha gari linalomisi ni kumtia hasara nyingine, kwa kuwa petroli isiyoungua huenda kuungulia kwenye masega ya kusafishia moshi ndani ya ekzosi na kuyaharibu, na taa ya injini ikianza kupepesa, hiyo ni amri ya kupunguza mwendo na kusimama. Mimi niliruhusiwa kupanda nalo milima ya Tukuyu na kurudi, nikiambiwa ni mtikisiko wa kawaida.

Kwa wenye magari: kabla ya kutoa shilingi, taka usomewe kodi na uiandike. Mtetemo ukitokea gari limesimama, shughulikia injini na mauntingi. Ukitokea tu ukiwa kwenye mwendo wa 80 au 100 barabara ya Igawa, anza na matairi na balansi yake. Spea iliyofunguliwa ni yako, idai hapohapo.

Mimi nimezidai mauntingi zangu za awali, kwa kuwa hizi ngumu bado zinaleta mtikisiko usukani. Gereji inasema zilitupwa. Ninataka zirudishwe au nilipwe thamani yake, pamoja na gharama ya nozeli ambazo hazikuwa na kosa, na risiti zote ninazo.