Likizo ya tanga na magofu: Uturuki, Lamu au Kilwa? (tunaanzia Entebbe)

Nalongo_Kitoro
Wanajukwaa, habari za jioni. Mimi na dada zangu wawili pamoja na shemeji tumechanga pesa za likizo, sasa tumekwama kwenye kuchagua. Hoteli ya ufukweni hatuitaki. Tunataka chombo chenye tanga, usiku tutie nanga kwenye ghuba tulivu, asubuhi tushuke tukatembee kwenye magofu. Visiwa vya Ssese huku ziwani tumevizoea, na kule kuna mchanga na michikichi. Mji wa mawe hakuna.

Njia zilizobaki ni tatu: pwani ya Lycia kule Uturuki kwa gulet (chombo cha mbao cha huko), Lamu kwa jahazi, au Kilwa. Shemeji ameng'ang'ania Uturuki. Mimi moyo uko pwani ya huku kwetu, ila sitaki kuchagua kwa moyo peke yake. Mjue mawili: dada mkubwa haogelei, na ruhusa ya kazini tunaipata sote mwezi wa nane au mwezi wa kwanza, basi.

BintiArua
Nalongo, Uturuki nimefika. Kutoka Entebbe unaruka moja kwa moja hadi Istanbul, unabadilisha ndege kwenda Dalaman, halafu gari mpaka Fethiye. Njia iliyozoeleka ni Fethiye kuelekea upande wa Olympos, siku nne na usiku tatu. Unanunua nafasi ya chumba kimoja, au mnakodi chombo kizima.

Kwa magofu hamtajuta. Pale Fethiye makaburi ya Walycia yamechongwa kwenye jabali juu ya mji, yana nguzo na paa za mawe. Kisiwa cha Kekova ndicho kilichonimaliza: sehemu ya mji wa kale ilizama kwa matetemeko ya ardhi ya karne ya 2, chombo kinapita taratibu, unaziona ngazi zikishuka ukutani, zinaingia majini, zinaendelea kushuka hadi macho yanashindwa. Kuogelea juu ya magofu hayo ni marufuku. Ng'ambo yake kuna Kaleköy, ndiyo Simena ya zamani. Gari halifiki. Unapanda kwa miguu hadi ngomeni, na humo ndani kuna ukumbi mdogo wa maonyesho, viti vyake vimekatwa kwenye mwamba wenyewe.

Kasoro sasa. Gulet lina milingoti miwili na kwenye picha linapendeza, lakini mengi yanakwenda kwa injini. Letu tanga halikutwekwa hata mara moja. Nilipouliza nikaambiwa upepo hautoshi. Kesho yake upepo ukawa umezidi! Mwezi wa nane ghuba hujaa, vyombo vimepangana ubavu kwa ubavu na kila kimoja na muziki wake. Wanaojua huenda Mei au mwisho wa Septemba. Mwezi wa kwanza ni baridi na mvua, msimu umeshafungwa. Viza tunahitaji pia, ombeni mapema.

MtuWaShela_Kansanga
Sasa Nalongo, kama ni tanga la kweli, mbona unavuka bahari ya watu? Njoo Lamu. Mashua inatwekwa tanga asubuhi na haitui mpaka mmefika. Upepo ukiwa wa mbele nahodha anabisha, anakwenda kwa kukata huku na huku, na hapo utawaona mabaharia wakiihamisha foromali nzima (boriti inayobeba tanga) upande wa pili wa mlingoti, mmoja kashika demani, kamba ya tanga, mwingine anawaambia wageni wainamishe vichwa. Mimi ni wa huko, nina upendeleo, sifichi.

Magofu ya karibu ni Takwa, kisiwani Manda. Mji uliishiwa watu karne ya 17, wengi wakavukia Shela, kisiwani Lamu. Umebaki msikiti, kaburi la nguzo, ukuta wa mji na mibuyu. Unaingia kwa mkono wa bahari katikati ya mikoko, na maji yakiwa yametoka chombo hakifiki: mtakaa kwenye tope mkihesabu kaa. Mkiwa na siku zaidi, endeleeni hadi kisiwa cha Pate mkaone ngome ya Siyu na magofu ya Shanga.

Usafiri ni Entebbe hadi Nairobi, kisha ndege ndogo ya kutua Manda. Barabara ya bara ina mambo yake ya usalama kwa miaka mingi sasa, kwa hiyo msiiweke kwenye mpango. Kitambulisho cha taifa cha Uganda kinatosha kuingia Kenya. Kadi ya homa ya manjano msiisahau.

Fundi_Mutukula
Lamu ni pazuri lakini ni mji unaoishi, wenye punda na harusi. Nalongo kauliza MAGOFU. Kilwa Kisiwani na Songo Mnara ziko kwenye orodha ya urithi wa dunia tangu 1981. Msafiri Ibn Battuta alifika Kilwa mwaka 1331 akausifu mji. Msikiti Mkuu bado umesimama na kuba zake, na Husuni Kubwa iko juu ya genge, ina hodhi ya pembe nane ambako sultani alikuwa akioga huku bahari iko chini yake. Sarafu za Kilwa ziliokotwa hadi visiwa vya kaskazini mwa Australia mwaka 1944. Takwa ina nini cha kuweka hapo?

MtuWaShela_Kansanga
Ina kivuli, mkuu. Na samaki wa kupaka.

Fundi_Mutukula
😂 Haya. Ila nisiwadanganye kuhusu vyombo. Kilwa ni safari za kwenda na kurudi: mnalala Kilwa Masoko, kibali mnachukua ofisi ya mambo ya kale hapo hapo Masoko, mnavuka asubuhi na mwongozaji. Kisiwani ni karibu, dau linatosha. Songo Mnara ni mbali kidogo, wengi huchukua boti ya mashine, na maji yakiwa madogo mtashuka mtembee majini mpaka nchi kavu. Kulala chomboni usiku baada ya usiku, huo utaratibu sijauona pale. Kutoka Dar ni basi, kilomita mia tatu na kitu kwenda kusini. Pasipoti mbebe.

Baharia_PortBell
Nimefanya kazi ziwani muda mrefu, naongea kama mzee. Kabla ya magofu, tazameni chombo. Novemba 2018 hapa kwetu Mukono chombo cha starehe kilizama jioni karibu kabisa na nchi kavu, wakafa zaidi ya watu 30. Kilikuwa kimejaza kupita kiasi. Kwa hiyo dada mkubwa avae jaketi lake tangu anapokanyaga ubao, si linapotakiwa. Muulizeni nahodha anabeba watu wangapi, na mkifika mkakuta amewaongezea wageni wengine, shukeni.

Halafu pepo. Mwezi wa nane pwani yetu ni kusi, upepo wa kutoka kusini, bahari ya nje ina mawimbi makubwa. Mwezi wa kwanza ni kaskazi, upepo wa kutoka kaskazini, kuna ukavu na bahari haichafuki sana. Nyinyi mna miezi miwili tu: mmoja Uturuki imejaa na kwetu bahari imechafuka, mwingine Uturuki imefungwa na kwetu ni kuzuri. Mnajadili nini tena?

Kama hamjawahi kukaa kwenye chombo cha tanga, nendeni kwanza klabu ya matanga pale Kaazi, huku ziwani kwetu, mkaombe kuzungushwa alasiri moja. Atakayetapika huko atatapika na Lamu.

Nalongo_Kitoro
Mzee wangu asante, umemaliza ubishi nyumbani. Shemeji kasoma, kanyamaza, kasema Uturuki itamsubiri Mei atakayopata ruhusa peke yake. Ni Lamu, mwezi wa kwanza. Swali la wanawake: choo chomboni kikoje?

MtuWaShela_Kansanga
Nitasema ukweli. Mashua nyingi hazina, au kuna kijibanda nyuma chenye pazia. Majahazi makubwa yaliyotengenezwa kwa wageni yana choo cha kufunga mlango na bei yake iko juu. Wengi hufanya hivi: mchana chomboni, usiku mmoja au miwili mnalala ufukweni kisiwa kidogo cha Manda Toto kwenye mikeka na chandarua, usiku uliobaki nyumba ya wageni Shela. Dada mkubwa atapumzika miguu.

Kabla ya kukata tiketi tazama mwezi. Siku za mwezi mpya na mwezi mpevu maji hujaa alfajiri na alasiri, saa za mchana ni makavu, Takwa mtaikosa au mtaingia jua linazama. Mwezi ukishapita nusu kwa siku mbili tatu, maji hujaa karibu na adhuhuri, mnaingia na kutoka kwa nafasi. Lakini siku hizo maji huwa mafu, hayapandi sana, kwa hiyo mpe nahodha tarehe zako akwambie kama chombo chake kitapita. Chombo kizito hakipiti.

BintiArua
Nalongo, nafasi ya tano ipo?